Gari Ndilo Litakaloamua

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nyuma ya gari la baba mkwe, nimevaa suti yangu ya harusi, nalisukuma kilimani huku majirani wakishangilia kila lilipokwenda mbele na kuzomea kila liliporudi nyuma. Tangu gazeti litoke, simu yangu haijapoa. Nashukuru kwa pole zenu. Na wewe uliyenipigia ukacheka tu, ukakata, nawe nakushukuru. Angalau umesoma.

Kwa anayenikuta leo, mambo yako hivi.

Mimi ni fundi wa kugeuza magari yatumie gesi badala ya petroli. Dada yangu mkubwa alihamia kwangu kwa siku chache, akakaa. Akachukua funguo za kabati la sukari, akachukua meza ya kulia, akachukua na mdomo wa kusema nani ale nini. Mke wangu akavumilia, kisha akarudi kwao. Mambo ya wifi na wifi, nikasema. Nani hana?

Baba yake ni mkaguzi wa shule mstaafu. Mtaa mzima unamwita Mkaguzi. Nilipokwenda kumrudisha mke wangu, mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alinipa mtihani.

Gari lake nililifunga mtungi wa gesi mimi mwenyewe, zamani zile bado ananiita mwanangu. Wakati naenda kuomba nirudishiwe mke, lilikuwa limepungua nguvu kweli. Barabara ya tambarare linakwenda, kwenye kilima linakata pumzi. Chujio la gesi lilikuwa limejaa uchafu. Nilibadili, likapona. Lakini Mkaguzi alikwisha kulisema neno lake.

"Umeshindwa kulipatia gari langu nguvu ya kupanda kilima, utampa nini binti yangu?" aliniuliza. "Basi sikia. Watu wanne ndani. Begi la binti kwenye buti. Kutoka getini kwangu mpaka kwenye tangi la maji kule juu, bila kurudi gia ya kwanza. Likifika, utamchukua mkeo huko huko juu. Likishindwa mara tatu, nitawaita wazee wako tuimalize ndoa hii kwa heshima."

"Na yeye mwenyewe anasemaje, baba?"

"Gari ndilo litakaloamua. Mimi sina upendeleo."

Nilikwisha kushindwa mara mbili.

Najua mafundi mnaonisoma mnanicheka. Mmoja alinishauri nibadili plagi. Nilibadili. Mwingine akasema niangalie maji ya moto yanayoipasha regyuleta, kile kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi kabla haijaingia kwenye injini, maana gesi ikifika mbele bado baridi, injini haishibi. Nikaangalia, maji yanapita, regyuleta inachoma mkono. Mama mmoja muuza vipuri ndiye aliyeniuliza swali la maana kuwashinda wote: "Mwanangu, ukiliwasha kwa petroli, linapanda?"

Hapo ndipo pa kuanzia, mama, umesema kweli. Likiwa na nguvu kwenye petroli, ugonjwa uko upande wa gesi. Likiwa goigoi kotekote, injini yenyewe ndiyo mgonjwa. Lakini Mkaguzi alilikausha tangi la petroli siku ile ile aliponipa mtihani. "Mwanafunzi haingii kwenye mtihani na majibu mfukoni," alisema. Pampu ya petroli ikaungua kwa ukavu, na mimi nikabaki na njia moja tu ya kuuliza.

Kilichokuwa kinanitoa akili si hicho. Gari likiwa karakana kwangu lilikuwa zima. Nililipandisha kilima hicho hicho peke yangu. Nikalipandisha nimelijaza mifuko ya mchanga. Likapanda linaimba. Likirudi kwa Mkaguzi tu, familia ikaingia ndani, linakohoa na kusimama.

"Gari linakuogopa wewe?" Mkaguzi aliniuliza siku ile ya suti, huku nasukuma. "Au linamwogopa binti yangu?"

Nilicheka kwa adabu, kama mkwe anavyopaswa kucheka. Kwenye kiti cha nyuma mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Nikajua analia kwa uchungu wa ndoa yake. Nikasukuma kwa nguvu zaidi.

Basi ikafika Jumamosi ya jaribio la tatu, la mwisho.

Asubuhi nililipandisha gari kilimani peke yangu. Likafika juu gia ya tatu. Nikalirudisha kwa Mkaguzi bila hata kulizima, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Majirani walikuwa wamekwisha kuleta viti, wamevipanga kando ya ua. Mwenye miwani wa nyumba ya pili alikuwa na kikombe chake mkononi. Hakuna aliyeniitikia salamu vizuri. Walikuwa wananiangalia kama kuku wa sikukuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Mkaguzi alijibu kutoka kibarazani. "Salamu, sita kwa kumi. Umechelewa kuinama."

Mama mkwe akatoka jikoni anajifuta mikono. Katika nyumba ile, huyu ndiye mtu wangu. Tangu siku ya kwanza alinipenda, sijui alinipendea nini. Mzee akinisema, yeye hunipa jicho la pole. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili yenye sabuni.

"Mwanangu, leo litapanda. Nimeomba usiku."

"Amina, mama."

"Na likipanda, utamtunza?"

"Mama, hilo ni la kuuliza?"

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye vyombo vyake.

Mke wangu akatoka na begi. Amependeza, na amekonda. Alipita mbele yangu kama nimepanga chumba nyumba ya jirani. Akafungua buti la gari, akainama humo na begi lake. Mara zile mbili pia alilipakia mwenyewe. Nikakimbilia kumsaidia.

"Acha," alisema bila kugeuka. "Nimezoea."

"Mtahiniwa!" Mkaguzi akaita. "Njoo unywe chai. Kuna maswali ya mdomo."

Nikaenda. Nikapewa kigoda, wao wote viti. Magoti yangu yakawa karibu na masikio.

"Swali la kwanza," alisema, sauti ya kuwafikia majirani. "Mwanamume ambaye dada yake ndiye mwenye funguo za kabati la sukari nyumbani kwake, anaitwaje?"

Nikafikiri. "Mvumilivu, baba."

"Sifuri."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mwenye miwani alimwagikiwa na chai yake, nikafurahi.

"Swali la pili. Mwanamke akirudi kwao, mumewe akamfuata na spana, maana yake nini?"

"Baba, wewe mwenyewe ndiye uliyenitaka nilete spana."

"Nimekuuliza maana yake."

Nikaomba ruhusa nikaipashe injini moto, nikaacha chai ya moto juu ya ukuta wa kibaraza. Nyuma yangu nilisikia akiwaambia, "Huyu nilimpa binti aliyehitimu." Wakacheka tena.

Nikaingia ndani ya gari, nikawasha. Likaitika. Nikakanyaga, nikashikilia hapo.

Lilipanda mlio, likasita. Kisha likaanza kukohoa.

Nikaachia. Nikakanyaga tena. Likapanda, likasita, likakohoa.

Gari hili limetoka juu ya kilima sasa hivi, na chai niliyoiacha haijapoa. Kitu gani kimelipata hapa uani, limesimama, hakuna aliyeligusa?

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipokuwa mjinga mara mbili zilizopita. Kila liliposhindwa, nilianza kutafuta mbele. Fundi hupenda kufungua boneti. Mbele ndiko kwenye injini, ndiko watu wanakosimama kukutazama ukiwa bingwa. Kwa hiyo nilibadili plagi, nikabadili waya zake, nikabadili ngozi ya regyuleta, nikabadili chujio la hewa lililokuwa halina hatia. Nyuma kwenye mtungi sikwenda, maana mtungi hauna cha kuharibika. Ni chuma na gesi, basi.

Safari hii nilifunga geji kwenye bomba, nikakanyaga tena. Sindano ikaanza kushuka. Gesi haifiki. Likitulia inatosha, likitaka nguvu inakosa, kama mtu anayekunywa kwa mrija uliobanwa kwa kidole.

Nikaingia chini ya gari. Bomba la gesi linatoka kwenye mtungi nyuma, linapita chini mpaka mbele. Nikalifuata kwa mkono. Mbele, mkono haukuhisi kitu. Katikati, baridi. Karibu na buti, lilikuwa linatoka jasho. Na pale linapoingia kwenye mtungi, palikuwa pameota barafu nyeupe.

Gesi ikilazimishwa kupita mahali pembamba, inapoa mpaka panaota barafu hapo hapo. Hilo hata mwanafunzi wangu wa kwanza alilijua. Penye barafu ndipo penye kabari.

Nikatoka chini, nikafungua buti, nikalisogeza begi la mke wangu. Chini yake, mahali pa tairi la akiba, ndipo mtungi ulipolala. Nikafungua kifuniko kinachoficha koki ya mtungi.

Koki ina alama nyekundu. Alama ikitazama mbele, gesi iko wazi. Sasa ilikuwa imezungushwa pembeni, karibu ifunge kabisa. Imebaki upenyo wa kulifikisha gari mpaka chini ya kilima, lakini si wa kulipandisha.

Ile rangi nyekundu ni ya kucha.

Nikakaa kwenye ukingo wa buti. Rangi ile niliipaka mimi. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeoana, nimemaliza kufunga mtungi, na yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka mama yake huku na huko na gari hili. Nikaogopa. Nikamwita, nikamwonyesha koki, nikachukua kichupa chake cha rangi ya kucha nikaweka alama. Nikamwambia: "Ukisikia harufu tu, zungusha hapa, kimbia. Gari litanunuliwa lingine. Wewe sina wa akiba." Alicheka, akafunga na kufungua, akafunga na kufungua, mpaka mkono ukazoea.

Mkaguzi hajui kama gari lake lina koki. Mama mkwe hajui buti linafunguliwaje. Duniani walikuwa wawili tu wanaojua maana ya ile alama, na mmoja wao ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Umeiona."

Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika chupa ya maji kama aliyetumwa kuniletea. Buti lililofunguka lilituficha na watu wa kibarazani. Upande wa pili kulikuwa na ukuta wa jikoni tu, na vyombo vya mama mkwe vinagongana kwenye beseni.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Mara zote?"

"Mara zote. Nikipakia begi nafunga. Nikilishusha nafungua, likufikie zima."

Nilitaka kupiga kelele. Ilitoka sauti ndogo, ya mtu aliyebanwa na mlango. "Nimesukuma gari hili na suti ya harusi! Watu wote wananitazama! Na wewe ulikuwa umekaa humo ndani unalia!"

"Sikuwa nalia," alisema. "Nilikuwa nashukuru."

Afadhali angenizaba kofi.

"Kwa nini hukusema tu hunitaki?"

"Nilisema. Nilikwambia wewe siku naondoka, ukasema nikitulia nitarudi. Nikamwambia baba, akasema gari ndilo litakaloamua. Haya. Nikaenda kuongea na gari."

Akaendelea, taratibu kabisa, kama anayemweleza mgeni njia.

"Umelifungua gari hili lote. Plagi umeziuliza zina nini. Chujio umeliuliza. Maji umeyauliza. Mimi niko kwenye kiti cha nyuma mara zote mbili, hukuniuliza hata mara moja nina nini."

"Nakuuliza sasa."

"Wifi ameshahama?"

"Atahama. Nimeshaongea naye, atakuwa mpole…"

"Ndiyo jibu lenyewe hilo." Alisogea karibu. Mara ya kwanza tangu aondoke nilisikia pumzi yake. "Nakuomba. Funika hapo, weka begi, twende. Lisimame pale lilipozoea kusimama. Utaonewa huruma, mimi nitaachwa kwa heshima. Hakuna atakayejua. Sijawahi kukuomba kitu kingine."

Vyombo vya jikoni vilikuwa vimenyamaza. Sikujali. Nilikuwa nasikia viti vya majirani vinasogezwa, nasikia sauti ya Mkaguzi inasema, "Mtahiniwa bado anasali huko?" na kile kicheko chao kinajibu.

Msomaji, ningeweza kumsikiliza. Nataka nikwambie nilimfikiria yeye. Sikumfikiria. Niliwafikiria wale kwenye viti. Nilifikiria kurudi nyumbani mikono mitupu, dada yangu anifungulie mlango na kusema, si nilikwambia. Nikafikiria nikishindwa leo, mtaani wataniita jina lingine, na hilo halitatoka mpaka nife.

Na kulikuwa na kitu kingine, kibaya zaidi. Nilitaka aone. Aliniumiza, nikataka aumie.

Nikashika koki, nikaizungusha. Taratibu, huku namtazama machoni. Alama nyekundu ikarudi mbele mpaka ikagota. Nikafunika kifuniko. Nikachukua begi lake, nikaliweka juu yake kwa adabu zote.

Nilitegemea atalia, safari hii kweli. Hakulia.

"Sawa," alisema. Akaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma.

Mkaguzi akashika usukani mwenyewe, kama kawaida. Mimi nikakaa pembeni yake. Mama mkwe akaja wa mwisho, hajavua kanga ya jikoni, akakaa nyuma karibu na binti yake. Hakunitazama. Nikadhani bado anaomba.

"Mtihani unaanza," Mkaguzi alisema.

Majirani wakatufuata kwa miguu, wengine wanakimbia. Tukatoka getini. Tukafika pale barabara inapoinuka, pale liliposhindwa mara ya kwanza, penye nguzo ya umeme. Mkaguzi alikuwa amejiandaa, tabasamu liko tayari mdomoni. Akakanyaga.

Gari likaondoka.

Tabasamu likamtoka. Akakanyaga tena, kama asiyeamini. Injini ikaguna na kuongeza mwendo. Kelele za majirani zikabaki chini. Tukapita pale kwenye mtaro nilipoharibia suti yangu. Nikataka niutemee mate.

"Gia ya pili!" mzee alisema. "Bado ya pili! Mama, unaona?"

"Naona," mama mkwe alijibu.

"Nane kwa kumi! Tisa!"

Nikamtazama mke wangu kwenye kioo. Alikuwa anatazama nje, nyumba zinavyorudi nyuma moja moja. Nikajiambia atazoea. Nikajiambia wanawake wangapi walirudi wakiwa wamenuna, leo wanacheka. Nikajiambia mengi, kilima kile ni kirefu.

Tukafika juu. Tangi la maji likatokea mbele yetu, na Mkaguzi akasimamisha gari chini ya kivuli chake. Alikuwa anahema kama aliyepanda kwa miguu. Akanigeukia, na macho yake, wallahi, yalikuwa na machozi.

"Kumi kwa kumi," alisema. "Mwanangu. Nilikuonea."

Mwanangu! Nilikuwa nimelisubiri neno hilo mpaka nikalikatia tamaa.

"Chukua mkeo. Binti yangu, shuka. Gari limeamua."

Mlango wa nyuma haukufunguka.

"Baba," mke wangu alisema, "gari halijaamua kitu. Mara zile mbili halikushindwa. Mimi nilikuwa nafunga koki ya gesi. Iko chini ya begi langu. Hata leo nilifunga."

Mkaguzi hakuelewa kwa mara moja. Kisha akaelewa. Sikutegemea uso wa mtu uweze kubadilika hivyo. Na kilichomuuma, naapa, si kwamba binti yake hakutaka ndoa.

"Umefanya udanganyifu," alisema. "Kwenye mtihani wangu."

"Nilikwambia sitaki kurudi, baba. Hukunisikia."

"Kwenye mtihani wangu!" Akapiga usukani, honi ikalia. Mzee yule ni mkali lakini si mpumbavu. Nikaona akili yake inafanya kazi, kama enzi zile anapolinganisha karatasi za madawati mawili yaliyokaribiana. "Leo ulifunga. Na limepanda. Maana yake kuna aliyefungua."

Akazima gari. Upepo tu ndio uliosikika, na maji yanayodondoka kutoka kwenye tangi.

"Mtahiniwa. Ulijua?"

Majibu yalikuwa mawili, na moja tu ndilo lingenipa mke wangu. Nikisema nilijua, basi mimi ni mwanamume anayemvuta mwanamke aliyemwomba amwache. Hata Mkaguzi hamkabidhi binti yake kwa mtu wa namna hiyo, si mbele ya mkewe. Nikisema sikujua, ni neno langu dhidi ya neno la aliyekwisha kukiri kudanganya.

"Sikujua, baba," nikasema. Sauti yangu ilikuwa safi. Ilinishangaza mimi mwenyewe. "Nilikagua mtungi, nikakuta koki imejizungusha. Nikadhani ni mitikisiko ya barabara. Nikaifungua kama fundi mwingine yeyote. Kwamba ni mkono wa mke wangu, ndiyo kwanza nasikia hapa."

"Muongo!" Mke wangu akapaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Nilimwomba! Nilisimama pale nyuma ya buti nikamwomba, akafungua huku ananitazama!"

"Baba, ana hasira," nikasema kwa upole. "Nitamvumilia."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mniandikie matusi, mnayo haki.

Mkaguzi alifumba macho, akayafumbua. "Wewe umekiri udanganyifu mbele yangu," alimwambia binti yake, baridi kabisa. "Mwenye kudanganya mara tatu hasikilizwi mara ya nne. Shuka. Chukua begi lako, mfuate mumeo."

Nikashuka upesi, nikazunguka, nikamfungulia mlango. Nilikuwa na furaha, na sina budi kusema, na aibu pia, lakini furaha ndiyo iliyokuwa kubwa. Mke wangu akatoa mguu mmoja nje. Akaukanyaga mchanga. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mguu wake.

Mkono ukatoka ndani ya gari, ukamshika kiwiko. Mkono wa vidole vilivyokunjamana kwa maji ya vyombo.

"Rudisha mguu, mwanangu," mama mkwe alisema.

"Mama wewe, usiingilie," Mkaguzi akaanza.

"Subiri, baba watoto. Maisha yako yote umeuliza wewe." Hakupandisha sauti. Alinitazama mimi, na lile jicho la pole nililolizoea lilikuwa bado liko pale pale. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mwanangu," aliniambia, "dirisha la jikoni linatazama nyuma ya gari. Nilikuwa naosha vyombo. Na lilikuwa wazi."